Koo la Mtoto Tusilipuuze



Tuliolelewa katika makambi ya mkonge twajua watoto wengi kulala chumba kimoja. Hapo maradhi ya koo huenea upesi. Mtoto akiumwa koo, ana homa na tezi za shingo zimevimba, tusingoje. Tumpeleke zahanati apimwe. Penisilini huua vijidudu hivyo.

Tukipuuza, baada ya wiki 2 au 3 huweza kuja homa ya baridi yabisi: leo goti huvimba, kesho kiwiko, naye hutweta. Viungo hupona, moyo huweza kubaki na kovu. Aliyekwisha kuugua achomwe sindano kila wiki 3 au 4 kwa miaka mingi, hata akionekana mzima.

Mwaka 1964 maji ya Hale yalianza kutoa umeme. Tusiache mioyo ya watoto wetu izimike.