HAKI YA MTOTO ANYONYAYE IMO JUU YA BABA

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola Mlezi wa walimwengu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Swahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu katika imani,

Wazazi wengi huleta watoto madrasa wakiwa na miaka sita au saba, wakasema: "Mwalimu, tunakukabidhi umlee." Nia ni njema, lakini malezi hayaanzii hapo. Mtoto hufika kwetu akiwa tayari ana lugha na tabia, na ama utulivu au woga, alivyovichuma nyumbani. Msingi huo hujengwa tangu anaponyonya, na Qur'an haikumwachia mama peke yake kazi hiyo.

Tuizingatie aya ya 233 ya Suratul-Baqarah. Humo Allah (S.W.) amebainisha kuwa muda kamili wa kunyonyesha ni miaka miwili kwa atakaye kuukamilisha, kwamba chakula na mavazi ya mama ni juu ya baba kwa kadiri ya uwezo wake, na kwamba wakitaka kumwachisha ziwa kabla ya hapo, washauriane na waridhiane. Aya hii imo katikati ya aya za talaka. Maana yake, ndoa huweza kuvunjika, lakini haki ya mtoto haivunjiki pamoja nayo.

Je, hali yetu ikoje? Wako wanaotoa talaka wakadhani wamemaliza hesabu na mtoto pia. Mama hutoka alfajiri kuuza vitumbua, mtoto akabaki kwa bibi na kikombe cha uji mtupu. Kuwahi safu ya mbele msikitini hakumwondolei baba huyo deni lake.

Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.), katika ukhalifa wake, aliwawekea posho watoto walioachishwa ziwa. Usiku mmoja alimsikia mtoto akilia bila kunyamaza. Mama yake, asiyemtambua Khalifa, alieleza kuwa anamwachisha mapema ili aipate posho hiyo. Umar alihuzunika mno, akaamuru kila mtoto apewe posho tangu kuzaliwa. Alitambua kuwa mama akibanwa na haja, anayeumia ni mtoto.

Shirika la Afya Duniani nalo linashauri maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo, kisha vyakula vingine pamoja na kunyonya hadi miaka 2 na zaidi. Basi baba ahakikishe mama anashiba, na baada ya miezi hiyo mtoto apate maharage, dagaa, yai na matunda, kila mtu kwa uwezo wake.

Chakula pekee hakitoshi. Mtume (S.A.W.) aliswalisha akiwa amembeba mjukuu wake Umama, akimweka chini anaposujudu na kumbeba tena anaposimama. Mtoto hujifunza kusema kwa kusemeshwa. Baba ampakate, amtajie majina ya vitu, amsomee Qur'an, na amwitikie anapojaribu kutamka. Haya hayana gharama.

Ndugu Waislamu, mwenye mtoto anyonyaye, awe anaishi na mama yake au wameachana, ajihesabu usiku huu: wiki hii amempa nini?

Tunamuomba Allah (S.W.) atuwezeshe kutekeleza amana hii. Amin. Wabillahi tawfiq.