Makaratasi Yaliyofukiwa Ardhini

Ukifika Mkalama, mkoani Singida, utalikuta boma la zamani la Wajerumani. Kuta zake zinaonyesha mtawala alikaa wapi. Mengine yamo katika karatasi, na karatasi hizo zina safari ya ajabu. Mwaka 1916, Wajerumani wakirudi nyuma katika Vita Kuu ya Kwanza, walifukia mafaili yao hapo jirani, Tabora. Waingereza waliyafukua baadaye. Leo yako Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, na mwaka 1997 UNESCO iliyaingiza katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia.

Waingereza nao waliacha Kitabu cha Wilaya ya Singida, chenye habari za koo, watemi na mila. Kisome, lakini jiulize: nani ameshika kalamu? Alikuwa ofisa mgeni, mara nyingi akitegemea mkalimani. Jina la Liti, mwanamke wa Kinyaturu aliyewapinga Wajerumani, limetufikia zaidi kwa vinywa vya wazee, pamoja na simulizi kwamba aliwatumia nyuki kupigana nao. Kwangu mimi, simulizi hiyo nayo ni nyaraka.

Nyaraka nyingine ziko nyumbani kwako. Sasa fungua sanduku la bibi. Stakabadhi ya kodi, barua, picha iliyofifia: usizitupe. Nawa mikono, kausha, kisha uzishike. Usizigandishe kwa selotepu. Gundi yake huila karatasi. Nyuma ya picha andika majina kwa penseli, taratibu, bibi akiwa bado yupo wa kukutajia.