Kuchagua Paneli ya Sola kwa Nyumba, Gari na Mtumbwi: Mada kwa Mafundi na Watumiaji wa Kata ya Mwankoko

Naomba nianze na bei, maana ndipo wengi wetu tunapoumia. Siku hizi paneli kubwa ya wati 550, ukigawa bei yake kwa wati, ni rahisi kuliko paneli ndogo ya wati 100. Mtu anapiga hesabu hiyo dukani, anachukua kubwa, anaifunga juu ya bati, anashusha waya hadi kwenye kontrola ya bei ya chini na kuunganisha betri moja ya volti 12. Wiki haijaisha, taa zinafifia kabla ya taarifa ya habari ya usiku. Anamlaumu muuzaji, kisha fundi, kisha wingu. Paneli yake ni nzima kabisa, ila haielewani na vitu alivyoifunga navyo.

Ninachotaka tukubaliane leo ni kwamba wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa ni za kutazamwa mwisho. Tuanze na mzigo wa nyumba. Tukitoka hapo tutazame volti za paneli na aina ya kontrola, na baada ya hapo ukubwa wa kioo chenyewe.

Mzigo, na mwezi mbaya wa mwaka

Tuchukue nyumba moja. Taa 5 za LED za wati 5, zikiwaka saa 5, zinakula wati-saa 125. Simu 4 kwa wati-saa 12 kila moja ni 48. Redio ya wati 5 kwa saa 6 ni 30. Televisheni ndogo ya volti 12, wati 20, kwa saa 4 ni 80. Jumla ni wati-saa 283 kwa siku. Umeme unapungua njiani, kwenye betri, kwenye waya, kwa joto na kwa vumbi, kwa hiyo mimi hugawa kwa 0.7. Tunapata kama 404.

Sasa jua. Singida tumejaliwa. Tuko kwenye uwanda wa kati, mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na kiangazi chetu ni kirefu na cheupe. Kiangazi hicho ukikadiria saa 6 za jua kamili kwa siku hutakosea sana. Saa ya jua kamili ni ile ambayo kila mita ya mraba inapokea wati 1,000. Asubuhi na jioni jua lipo ila nguvu yake haifiki hapo. Ukigawa 404 kwa 6 unapata wati 67, na hapo ndipo mtu huridhika na paneli ya wati 70. Lakini nyumba inakaliwa mwaka mzima. Mvua zinaposhika, Desemba hadi Machi, mbingu inafunga siku mbili tatu mfululizo. Kwa miezi hiyo natumia saa 4 tu, na hesabu inapanda hadi wati 101. Nunua ya wati 120. Kiangazi itakupa ziada, na ziada hiyo betri itaifurahia.

Kuna mzigo mmoja ninaoombwa ushauri wake mara kwa mara, kwa sababu kuku wa kienyeji wa Singida ni biashara ya kweli: mashine ya kutotolesha vifaranga. Tafadhali tuwe waangalifu sana hapa. Mashine ndogo ya wati 100, hata ikizima na kuwaka kwa zamu ikawa inatumia nusu ya muda, inakula wati-saa 1,200 kwa siku, na sehemu kubwa ni usiku. Kwa hesabu ileile inataka paneli za wati 430 peke yake, na betri ya kuibeba hadi asubuhi kwa siku 21 bila kukosa hata usiku mmoja. Mama aliyeweka mayai yake kwenye mashine hiyo akitegemea paneli ya taa atayapoteza. Kama kuna nguzo ya TANESCO karibu, mashine hiyo iende kwenye umeme wa TANESCO, na sola ibaki kwa taa na simu.

Pampu ya bustani ya vitunguu ni kinyume chake. Haihitaji betri hata kidogo. Paneli inasukuma maji mchana hadi kwenye tenki la juu, na jioni unamwagilia kutoka tenkini. Wingu likija, maji yanapanda polepole; hakuna kilichoharibika.

Volti na kontrola

Geuzeni paneli, someni karatasi ya nyuma. Volti ziko mbili: za paneli ikiwa haijaunganishwa na chochote, na za paneli ikiwa kazini. Paneli ya seli 36, ambayo madukani huitwa ya volti 12, ikiwa kazini iko kwenye volti 18 hivi. Hizo zinatosha kuchaji betri ya volti 12, inayohitaji kufika 14 na ushei. Paneli ya seli 60 iko kwenye 31 hivi. Ile kubwa ya wati 550 iko kwenye 41, ikitoa ampea 13.

Kontrola za bei ya chini ni za aina ya PWM. Hii huunganisha paneli na betri moja kwa moja, ikikata na kurudisha umeme, kwa hiyo paneli inaburutwa hadi kwenye volti za betri. Ampea hazibadiliki. Ampea 13 kwa volti 13 ni wati 169. Mwenye nyumba amelipia 550, na 380 zinaishia juu ya bati kama joto. Huyu angenunua paneli mbili za seli 36, wati 100 kila moja, akazifunga sambamba, angepata karibu umeme uleule kwa kontrola ileile.

Kontrola ya MPPT hufanya kazi nyingine: inaiacha paneli kwenye volti zake na kubadili ziada ya volti kuwa ampea. Ukinunua paneli kubwa, nunua na hii, na usome kiwango chake cha juu cha volti. Paneli ya wati 550 isiyounganishwa inakaribia volti 50, na asubuhi ya Juni yenye baridi na upepo wetu inaweza kuzipita. Kontrola iliyoandikwa mwisho volti 50 itaungua. Tena wati 550 kwa betri ya volti 12 ni kama ampea 40. Betri moja ya asidi ya Ah 100 haistahili kusukumiwa ampea zote hizo.

Sokoni kuna kontrola zilizobandikwa neno MPPT ambazo ndani ni PWM. Kuzitambua ni rahisi. Saa sita mchana, betri ikiwa haijajaa, pima ampea kwenye waya unaotoka kwenye paneli, kisha kwenye waya unaoingia kwenye betri. Kwa paneli ya volti nyingi, MPPT ya kweli itaonyesha ampea nyingi zaidi upande wa betri. Zikilingana, umeuziwa jina.

Futi ya fundi seremala

Muuzaji akikuunganishia mita ikasoma volti 20, mshukuru, lakini hajakuthibitishia wati. Paneli ya wati 20 na ya wati 100, zote za seli 36, husoma karibu volti zilezile, hata jua la saa mbili asubuhi. Bebeni futi. Pimeni urefu na upana wa kioo kwa mita, zidisheni, kisha zidisheni kwa 200, yaani asilimia 20 ya zile wati 1,000 za jua kamili. Paneli ya sentimita 67 kwa 54 ina mita ya mraba 0.36, kwa hiyo inakuja wati 72. Paneli bora zinazouzwa kwa wingi hufikia asilimia 22 au 23, kwa hiyo inaweza kuzidi hapo kidogo. Ikiwa imeandikwa 150, irudisheni mezani. Kipimo cha pili ni ampea: jua la mchana, paneli ikiwa peke yake bila betri, gusisheni mita yenye uwezo wa ampea 10 kwenye chanya na hasi. Isome karibu na ampea za mkato zilizoandikwa nyuma. Kwa paneli ndogo tu, na kamwe msifanye hivyo kwenye betri.

Majirani zetu wa Kenya walilipitia mapema hili la paneli zisizofikia maandishi yake. Sola za majumbani zilianza kushika kasi huko katikati ya miaka ya 1980, baada ya Harold Burris na Mark Hankins kufunga taa katika shule ya sekondari ya Karamugi, Meru, mwaka 1984. Miaka ya 1990 soko likajaa paneli ndogo za filamu nyembamba, za wati 12 hadi 14, zilizouzwa kwa kaya za wakulima. Watafiti, wakiwemo Arne Jacobson na Daniel Kammen, walipozipima walikuta baadhi ya aina ziko sawa na nyingine ziko chini sana ya maandishi yake, na mnunuzi hakuwa na njia ya kuzitofautisha kwa macho. Matokeo hayo ndiyo yaliyosukuma kazi ya viwango. Kwetu TBS ina alama yake. Itafuteni, na bado mpime.

Juu ya bati, gari na maji

Maabara hupima paneli ikiwa na nyuzi joto 25. Juu ya bati mchana inapita 50, na kila nyuzi inayozidi huipunguzia paneli ya silikoni asilimia 0.35 hadi 0.45. Upepo wa Singida hapa ni rafiki: acheni nafasi ya kiganja kati ya bati na paneli upite. Lakini upepo huohuo huing'oa, basi boliti zifike kwenye papi, zisiishie kwenye bati. Tuko karibu nyuzi 5 kusini mwa Ikweta. Ielekezeni kaskazini, mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15, mvua iweze kuiosha. Kivuli cha tawi moja au cha jiwe kubwa, na mawe tunayo, kikifunika safu moja ya seli kinaweza kuondoa theluthi ya umeme wote.

Kwa gari la matangazo, lori linalolala safarini au mtumbwi wa Ziwa Singidani, wengi hupenda zile paneli nyembamba za kupinda kwa sababu ni nyepesi. Sizishauri penye nafasi ya paneli ya kioo. Zikibandikwa hazipati hewa chini, zinapikika, na ngozi yake ya plastiki inachoka upesi. Kwa gari chukueni kioo chenye fremu ya alumini, na nati za kujifunga zisilegezwe na mtikisiko. Kwenye mtumbwi kivuli huhama kila ukigeuka: paneli mbili ndogo zilizofungwa sambamba zinavumilia kuliko moja kubwa. Maji ya Singidani yana chumvi, kwa hiyo viungo vya waya vifungwe ndani ya boksi lisiloingiza maji na kupakwa grisi. Kwa wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria taa za LED za kuchaji kwa sola zimechukua nafasi ya karabai nyingi, na hapo taa na betri ndogo inayotolewa kwenda kuchajiwa nchi kavu hutosha. Paneli haina haja ya kulala majini.

Waya nausema kwa ufupi. Mita 10 kutoka paneli hadi betri, waya wa milimita za mraba 1.5, ampea 10: zinapotea volti 2.3. Kwa waya wa 4 zinapotea 0.9. Fyuzi iwekwe karibu na betri.

Ombi langu kwa kikao hiki ni dogo. Kata inunue mita moja ya kubana, ile inayokumbatia waya bila kuukata, na iwe inayopima umeme wa DC, maana nyingi za madukani zinapima wa AC tu. Ikae ofisi ya kata pamoja na futi, iazimwe kwa daftari. Kijana aliyetoka VETA aonyeshe wengine namna ya kuitumia, tukianzia alasiri hii kwa paneli mlizokuja nazo hapo nje.