MAFIGA MATATU YA HOJA
(Muhtasari wa mawaidha kwa wanafunzi wa sekondari, Mafiga, Morogoro)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ndugu zangu Waislamu, hususan vijana wetu. Katika somo la Kiingereza mnatakiwa kuchambua lugha ya ushawishi katika makala za maoni. Msilidharau zoezi hilo.

Wahenga walinena: figa moja haliinjiki chungu. Aristotle alitaja misingi mitatu ya ushawishi, naye Ibn Rushd, aliyefariki mwaka 1198, akaifafanua kwa Kiarabu: heshima ya msemaji, hisia za msikilizaji na hoja yenyewe. Basi mkisoma makala, ulizeni: Ni nani asemaye? Ni neno gani linalochochea hofu au hasira? Ushahidi uko wapi? 'Sisi' ni akina nani, na 'wao' ni akina nani?

Tazameni Rwanda. Gazeti la Kangura, lililoanzishwa mwaka 1990, liliwaita Watutsi inyenzi, yaani mende. Mende hahojiwi, hupondwa. Neno moja likashika nafasi ya hoja isiyokuwapo. Mwaka 1994 waliuawa watu mamia ya maelfu. Tarehe 3 Desemba 2003, mahakama ya kimataifa mjini Arusha ilimtia hatiani mhariri wake, Hassan Ngeze, kwa uchochezi wa mauaji ya kimbari. Naye alikuwa Muislamu.

Kwa hiyo jina la mwandishi halimwondolei msomaji wajibu wa kuhakiki, wajibu tulioamrishwa katika Surat Al-Hujurat, aya ya 6, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga. Someni kwa kupima, hata karatasi hii.

Wabillahi Tawfiq.