Jua ni letu, hesabu pia ikuwe yetu

Ibara ya 48 ya Katiba inatuhakikishia umeme. Inga II ilianza kazi 1982, na shule yetu ingali gizani. Tutaendelea kudai serikali. Lakini tukiwa tunadai, jua linapiga paa ya shule bure kila siku.

Hatuombi zawadi. Kila mtu anunue sehemu, hata ndogo. Makuta ambayo shule inaunguza kwa mafuta ya gurupu ndiyo itaturudishia, pole pole. Pano inaweza kudumu miaka 25. Batri inakufa mbele, basi tuweke makuta yake pembeni tangu mwanzo.

Na kila mwezi hesabu ibandikwe ku mlango wa shule. Hakuna hesabu, hakuna makuta!