Nani Atakayetusemea?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Tunguu)



Kamati imenitaka niseme juu ya wasia. Naomba radhi, nitasema juu ya jambo linaloutangulia. Wasia tunaujua: tumefundishwa tangu chuoni kwamba mtu huusia mpaka thuluthi ya mali yake. Lakini wasia huanza kufanya kazi mtu akishafariki. Je, akiwa yu hai, amelala kitandani, hawezi kusema, nani atamjibu daktari?

Chukueni mfano wa mzee wa hapa Tunguu mwenye maradhi ya sukari. Kidonda cha mguu kimeoza, homa imempanda, akili imempotea. Anafikishwa Mnazi Mmoja, na daktari anasema mguu ukatwe leo, ama sivyo sumu itaenea mwilini. Mtoto mkubwa anasema baba hatakubali kamwe kuzikwa na mguu mmoja. Wa pili yuko Maskati, anapiga simu kusema baba asiguswe mpaka afike. Ami yao anataka avushwe Dar es Salaam. Mkewe, aliyekiosha kidonda hicho miezi mitatu, amekaa nje barazani na hakuna anayemwuliza. Na huenda ni yeye peke yake aliyemsikia mzee akisema usiku mmoja kwamba mguu na uende, roho ibaki.

Wapo watakaosema, mimi nimeshampa ndugu yangu uwakala. Tahadharini. Katika fikihi ya Shafii, tunayoifuata wengi wetu hapa, uwakala huvunjika aliyeutoa akipotewa na akili, yaani saa ile ile anapouhitaji. Waingereza walitunga sheria mwaka 2005 inayomruhusu mtu kumchagua, angali na akili zake, wa kumwamulia hata matibabu. Karatasi yetu sisi tuiandike kama ushahidi wa tulilolitaka, upate kuwanyamazisha wanaogombana.

Na msiseme kwamba kuyazungumza haya ni kujitakia mauti. Oktoba 1986, mjini Amman, Baraza la Kimataifa la Fikihi ya Kiislamu lilijadili habari ya mgonjwa anayepumua kwa mashine, na likaamua kwamba madaktari mabingwa wakithibitisha ubongo wake umekufa kabisa, mashine yaweza kuondolewa. Wanachuoni hawakuona haya kulizungumza.

Andikeni jina la msemaji mmoja, na wa pili ikiwa huyo hayupo. Andikeni mnayoyakubali na msiyoyakubali: kukatwa kiungo, kulishwa kwa mpira, kuvushwa bahari. Andikeni pia kama shamba liuzwe kwa matibabu au lisiuzwe; hapo ndipo ndugu hukosana. Kisha isomeni mbele ya watoto wote, mama yao akiwapo.

Nanyi vijana, likizo hii mwulizeni babu: ukipatwa na homa kali usiweze kusema, tumwulize nani? Atakutajieni jina. Liandikeni, na nambari ya simu pembeni yake.