Dawa Mseto kwa Saratani Adimu ya Damu: Hotuba ya Mgeni Rasmi, Eldoret



Nimekuja na ombi moja: wagonjwa wetu wenye saratani adimu za damu wapate nafasi katika majaribio ya dawa, na waipate kwa haki.

Chukueni mfano wa lukemia ya promielositi. Huwapata watu wachache, wengi wakiwa bado na nguvu za kufanya kazi. Mgonjwa hutokwa damu puani na kwenye ufizi. Ikivujia ubongoni, anaweza kufariki kabla majibu ya kipimo cha uboho hayajatoka. Miaka ya 1980 madaktari wa Shanghai walionyesha kwamba tretinoini, dawa ya jamii ya vitamini A, huzikomaza chembe changa za damu zenye saratani hiyo. Lakini ikitumiwa peke yake, ugonjwa hurudi. Baadaye ikaunganishwa na aseniki, ambayo wengi wanaijua kama sumu. Jaribio la Italia na Ujerumani lililochapishwa mwaka 2013 lilihusu wagonjwa wasio katika hatari kubwa. Baada ya miaka 2, asilimia 97 ya waliopewa mseto huo walikuwa hai na ugonjwa haujarudi. Kwa waliopewa tretinoini na kemotherapi, ilikuwa asilimia 86.

Kidole kimoja hakivunji chawa, na Afrika Mashariki imelithibitisha hilo. Kuanzia mwaka 1970, wagonjwa wa kifua kikuu wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia walishiriki majaribio ya dawa mseto yaliyosaidia kufupisha tiba kutoka miezi 18 hadi 6. Ulimwengu mzima umefaidika.

Kwa hiyo, madaktari wetu, mgonjwa anayetoka Kapsabet au Lodwar asomewe fomu ya ridhaa kwa lugha anayoielewa, aulize mpaka aridhike, ndipo atie sahihi au dole gumba. Akikataa, atibiwe vilevile. Jaribio likiisha, dawa inayomsaidia asinyimwe. Na kwa kuwa hospitali moja haiwezi kupata wagonjwa wa kutosha, Eldoret ishirikiane na Nairobi, Kampala na Dar es Salaam.

Kwa hayo machache, natangaza kwamba mkutano huu umefunguliwa rasmi.